Kanga Aliyekua Juu ya Kibuyu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii imekataa kunitoka. Nilitoka nyumbani na jembe begani, umande wa Ufipa ukiniuma miguu kwa baridi, nikaenda nyuma ya nyumba kufukia kibuyu cha mtoto yatima. Sikuwa mlevi, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na wivu, na niliyemwonea wivu alikuwa mtu tuliyekwisha kumzika.

Mtoto yule aliitwa Yustina. Naye tumemzika mwezi uliopita, bibi mwenye wajukuu, na mimi niliyekuwa kijana wakati yeye anajifunza kuchota maji nimebaki. Watu matangani waliniuliza mbona silii. Mimi hulia polepole. Madarasa niliyosoma misheni ni machache, sina maneno ya kupamba, kwa hiyo nitakueleza mambo kama yalivyokuwa. Najua kati yenu mnaosoma yumo ambaye ameingia nyumba yenye mtoto wa mtu mwingine, na usiku anajiuliza kwa nini mtoto huyo hamtazami. Huyo ndiye ninayemwandikia hasa. Wengine sikilizeni, hamtakosa cha kubeba.

Enzi hizo za Mwingereza vijana wengi wa Ufipa tulikwenda Tanga kukata mkonge. Nami nilikwenda, nikarudi katikati ya mvua nikiwa na blanketi jipya, kofia, kisu changu cha mkonge na kinanda cha mdomo. Nyumbani kwetu ni upande wa Msanzi, mwendo mrefu kutoka Sumbawanga. Nilimkuta mama yangu, nikamkuta kaka yangu Fransisko anakohoa, nikamkuta na binti yake Yustina, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Mama yake alifariki siku alipomzaa.

Fransisko alikuwa mkulima kama sisi sote, wa mahindi na ulezi, lakini mikono yake ilikuwa na neema kwa mtoto. Shamba ndilo lilikuwa duka lake. Gunzi la hindi alilifunga ganda kiunoni likawa gauni, akalibandika nywele za mahindi kichwani, Yustina akapata mwana wa kubeba mgongoni. Mabua makavu yalikuwa gari la ng'ombe, na magurudumu yake vipande vya gunzi. Kikonyo cha jani la boga alikikata pale kinapokutana na jani, akaacha ncha hiyo imezibika, akapasua ufa mdogo kando yake kwa ukucha, kisha Yustina akapuliza mpaka mbwa wa majirani wakamjibu.

Mimi nilikuwa nimempa kinanda changu siku niliyofika. Alipiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili, akapuliza mara moja, akanirudishia.

"Hiki kinajua kuimba chenyewe, baba mdogo," aliniambia. "Mimi nataka cha kufundisha."

Fransisko alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi nilitabasamu kwa meno tu. Wivu wangu, nikuambie kweli, haukuanza siku ile. Nilikulia ndani ya kaptula zake zilizochakaa. Kabla watu hawajajua kwamba naitwa Beno, walikuwa wananiita mdogo wake Fransisko. Nilikwenda Tanga ili nirudi nikiwa mtu mwingine, na nikarudi nikiwa yule yule, ila nina kofia.

Nyuma ya nyumba, palipokuwa jalala la majivu la zamani, kulikuwa na mmea wa vibuyu uliotambaa hadi kwenye majani. Siku moja kaka alijikokota hadi pale akiwa amemshika binti yake bega. Nilikuwa karibu, nachonga mpini. Akachagua kibuyu kichanga, kama ngumi ya mtoto, bado kina manyoya laini. Akachukua mwiba, akamchora kanga mdogo kwenye ngozi yake.

"Usichimbe," alimwambia. "Unachubua tu, kama unavyojikuna. Ukichimba utamuua."

"Mbona mdogo hivi?"

"Ukubwa ni kazi yake mwenyewe. Kibuyu kikikua, naye atakua. Usikichume mpaka kikonyo chake kikauke. Umesikia?"

"Nimesikia. Na kikikauka?"

"Kikikauka utaniita."

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Kibuyu nacho ni hivyo: alama utakayokitia kikiwa kichanga hutaifuta kikikomaa. Fransisko alijua, na nadhani alijua pia kwamba hataitwa. Kabla kanga yule hajafikia upana wa kiganja tulimzika kaka yangu, mvua ikituloanisha. Ndugu walikaa kikao, wakanikabidhi nyumba yake, jembe lake na mtoto wake. Walisema, "Beno, sasa wewe ndiye baba."

Wao walisema hivyo. Yustina hakusema kitu.

Kila asubuhi aliamka akakimbilia nyuma ya nyumba kabla hajanisalimia. Shikamoo alinipa, lakini ilikuwa baada ya kanga. Alirudi na miguu imelowa umande, akatoa habari kama mtu aliyetoka kwa wagonjwa: "Kanga wa baba amenenepa. Shikamoo, baba mdogo. Mkia wake umefika huku." Ule mkwaruzo wa mwiba ulikuwa umegeuka kovu la rangi ya udongo, na kovu lilipanuka pamoja na ganda. Hebu fikiri, mwanangu. Mtu amekufa, na kazi yake inazidi kukua. Mimi niko hai, na kila ninachogusa kinanyauka.

Nilijaribu. Nilitengeneza mtoto wa gunzi, nikamfunga ganda vizuri kabisa kwa jinsi nilivyojua. Yustina alimgeuza huku na huku.

"Huyu ana tumbo la jumbe," alisema.

"Basi mwite Jumbe."

"Jumbe havai gauni, baba mdogo."

Nilikata vikonyo vya boga, vikatoa hewa bila sauti. Nikaona niende kwenye kazi yenyewe. Kwenye mmea ule ule nilichagua kibuyu kichanga kingine, kikubwa kidogo kuliko kile cha kaka alipokichora, nikachora ng'ombe. Sikutaka mwiba. Nilitumia kisu changu cha mkonge, nikachora kwa nguvu ili ng'ombe aonekane kutoka mbali. Baada ya siku chache utomvu ulikuwa unatoka kwenye pembe zake, wadudu wakamwingia tumboni, akaoza angali anatazama upande wa kanga.

Yustina alinikuta nimesimama pale. "Hata ng'ombe hufa," aliniambia kwa upole. "Usilie."

"Silii."

"Basi usinune."

Ungeona ni maneno ya kuchekesha, na leo nikiyakumbuka hucheka. Siku ile yalinichoma kuliko tusi. Jioni, penye pombe ya ulezi, jirani yetu mmoja mwenye ulimi alinimalizia. Habari za ng'ombe wangu zilikuwa zimemfikia. "Beno," alisema mbele ya watu, "jembe la Fransisko umelirithi, lakini mikono yake naona ameondoka nayo." Watu walicheka. Hawakuwa na ubaya. Nilirudi nyumbani na kicheko chao mgongoni kama mzigo wa kuni mbichi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikuweza kumchukia marehemu waziwazi, maana nilimpenda, nilimlilia, na hadi leo namlilia. Kwa hiyo chuki ilitafuta pa kukaa, ikakaa kwenye kanga.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha ulifika wakati wa kutengeneza ntumba. Kwa asiyekulia kwetu: Mfipa hachomi majani yote ya shamba. Huyafyeka na kuyapindua na udongo wake, akayafunika katika matuta ya duara, makubwa, hata ukisimama mbali utadhani shamba limejaa migongo ya ng'ombe waliolala. Ndiyo ntumba. Juu yake hupandwa maharage, na mvua nyingine ikija matuta husambazwa, ukapandwa ulezi.

Mashamba ya kutengeneza yalikuwapo tele. Lakini mchana mmoja, tunakula ugali, nilitangaza kwamba nitaanzia nyuma ya nyumba, kwenye majani yale yenye mmea wa vibuyu.

"Pale pana kibuyu cha mtoto," alisema mama.

"Pana majani mazuri," nilisema. "Shamba haliwezi kungoja mchezo."

Mama alinitazama, akaendelea kula. Yustina aliacha kula.

Basi tumefika kwenye ile asubuhi. Nilipofika nyuma ya nyumba na jembe langu, Yustina alikuwa amenitangulia. Alikuwa amekaa kando ya kibuyu, na kipande cha kaniki alichokuwa akijifunika amekifunika kibuyu, yeye mwenyewe anatetemeka.

"Ondoka, mama," nilimwambia. "Nalima."

"Amelala."

"Kibuyu hakilali."

"Bado anakua, baba mdogo. Kikonyo bado kibichi. Baba alisema asichumwe mpaka kikonyo kikauke."

Hapo ndipo nikasema. Nilisema, "Baba yako hayupo. Hapa nasema mimi." Nikainua jembe, nikapiga pigo la kwanza pembeni yake, nikapindua bonge la majani na kipande cha mmea kikiwa na majani yake mapana.

Hakulia. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Beno. Weka jembe chini."

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ungo wa ulezi mkononi.

"Nalima, mama."

"Nakuona unavyolima. Tanga wamekufundisha kukata, naona wamekusahaulisha kufukia. Hebu niambie, ntumba ni nini?"

Niliona ananidhihaki mbele ya mtoto. "Ni majani yaliyofunikwa."

"Yanafunikwa ili yapotee?"

"Yaoze."

"Yaoze ili iweje?"

Aliyejibu ni Yustina, pale chini alipokaa. "Ili maharage yapate chakula, bibi."

"Mtoto anajua," alisema mama. Akaweka ungo chini, akanisogelea, akashusha sauti. "Fransisko ndiye majani, Beno. Tumemfukia. Wewe ndiye haragwe. Umepandwa juu yake: nyumba yake, jembe lake, mtoto wake. Nimeishi hapa Ufipa miaka yangu yote na sijaona haragwe linagombana na majani yaliyo chini yake. Wewe ndiwe wa kwanza."

"Mama, kila siku ni kanga wa baba, kanga wa baba. Na mimi?"

Ndivyo nilivyosema, mwanangu, kijana mwenye ndevu na kofia ya Tanga. Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyenizaa, alijua jeraha hilo ni la zamani.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema, "na wewe umechagua kushindana na mtu ambaye hawezi kukuambia basi, umeshinda. Utarusha ngumi kwenye moshi mpaka uzeeke. Mtoto hajakunyima kitu. Ana baba aliyemfia mikononi na baba asiyejua kama anamtaka. Wewe ungekimbilia kwa nani asubuhi? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea hujaanza. Ulichoanza ni kunung'unika." Akaokota ungo wake. "Na lile neno ulilomwambia sasa hivi, lifuate ulirudishe."

"Litarudi vipi?"

"Halirudi. Ndiyo maana mtu huwa anapima kabla ya kusema. Basi kaa nalo, ulifanyie kazi."

Akaondoka. Nilibaki na jembe langu, na mtoto, na kile kibuyu chini ya kaniki. Nililirudisha bonge la udongo nililopindua, nikalikanyaga taratibu kwa mguu, lakini kile kipande cha mmea kilikwisha kukatika, na hakikuwa chenye kibuyu chake, Mungu alinirehemu. Nililima siku ile. Nilitengeneza ntumba kuuzunguka mmea, nikauacha katikati kama kaburi linavyoachwa na wakulima. Yustina aliendelea kukaa pale mpaka jua lilipopanda, akanichunga kama mbuzi mharibifu.

Usidhani kesho yake mambo yalikuwa mema. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa muda mrefu alinipa shikamoo na chakula na maji ya kunawa, na zaidi ya hapo hakuna. Habari za kanga hakunipa tena. Sikujua kumbe zile habari ndizo zilizokuwa zawadi yake kwangu kila asubuhi. Alikuwa ananigawia baba yake, na mimi nilisikia matusi. Sasa nilitamani aseme mkia umefika wapi, na sikuthubutu kuuliza. Nilipanda maharage kwenye ntumba zile. Yaliota mazito.

Upepo wa kipupwe ulipoanza kuvuma, ule wa Ufipa unaopasua midomo, majani ya mmea yalijikunja yakaanguka. Asubuhi moja nilikuwa naota moto nikaona miguu midogo imesimama mbele yangu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama."

"Kikonyo kimekauka." Alitazama moto. "Baba alisema kikikauka nimwite."

Nilisukuma kijinga ndani ya moto.

"Hakuniambia kinachofuata," alisema. "Wewe unajua?"

Nilitaka kusema sijui, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kujiona. Lakini mikono yangu ilikuwa imekwisha kujua. Tulipokuwa wachunga ng'ombe, mimi na Fransisko, yeye ndiye aliyenionyesha, akinipiga kofi kila nilipofanya haraka. Kwa hiyo nilienda naye. Tulikata kikonyo, tukakilaza kibuyu darini juu ya moshi mpaka kikawa chepesi na mbegu zikasikika ndani. Tulitoboa mdomo kwa ncha ya kisu, tukatikisa mbegu tukaziweka kando, tukajaza maji, tukaacha nyama ya ndani ilainike na kunuka mpaka mama akatufukuza nayo uani. Kisha tulimwaga, tukatia kokoto za mtoni na maji kidogo, tukatikisa kwa zamu. Kila Yustina alipotikisa, kokoto zilicharaza ndani.

"Sikia, kanga analia!" alisema, akacheka na mapengo yake. Ilikuwa mara ya kwanza nione kicheko hicho tangu msiba.

Kilipokauka kanga alikuwa mkubwa kuliko kiganja changu, kovu lake limetuna kidogo, ukipitisha kidole unamsikia. Yustina alimpapasa, kisha akanisukumia kibuyu.

"Na wewe mchore mmoja."

"Mimi nitaharibu. Uliona yule ng'ombe."

"Sasa kimekomaa, hakiozi. Baba alikuwa anachoma kwa waya."

Nilitia waya motoni. Nyuma ya kanga mkubwa nilichoma kanga mdogo, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kichwa kama cha bata. Yustina alikitazama kwa muda. Nilijiandaa kusikia habari ya tumbo la jumbe.

"Huyu ni wewe," alisema. "Unamfuata."

Wivu uliniuma mara ya mwisho pale, mwanangu, uliniuma sana, kwa sababu hata kwenye kibuyu nilikuwa mdogo wake Fransisko. Kisha nikaona mtoto amenitafutia mahali. Hakuwa na mahali pengine pa kunipa ila pale, nyuma ya baba yake, na alinipa pote. Nikasema, "Ndiyo. Namfuata." Tangu siku hiyo, asubuhi, shikamoo ilikuja kwanza.

Yustina aliweka mbegu za maharage ndani ya kibuyu kile maisha yake yote. Nilipozeeka aliniletea chakula kama mtoto anavyomletea baba, na hakuacha kuniita baba mdogo, nami sikutaka aache. Baada ya mazishi watoto wake wameniletea kibuyu. Kiko hapa ninapoandika. Macho yangu hayaoni vizuri tena, lakini kidole kinawasikia kanga wote wawili, yule aliyekua mwenyewe na yule niliyemchoma.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukikabidhiwa mtoto aliyependwa na mwingine kabla yako, usimdai akusahaulie mtu huyo. Mwache amtaje. Muulize habari zake. Anapokutajia, anakugawia. Yule aliyetangulia, awe amekufa au yuko hai, ndiye majani yaliyo chini yako, na usipomkubali utapandwa kwenye udongo mtupu. Ukiona wivu unaingia, usijifanye haupo, kwa maana ukiuficha utajitafutia kanga wake. Utaje kwa mtu mzima anayekupenda, kama nilivyoutaja mimi kwa mama bila kutaka. Na mtoto usimvutie kwa vitu vinavyoimba vyenyewe. Toka naye bustanini, kata kikonyo cha boga, kikikosa sauti kata kingine. Acha akucheke. Mtoto akikucheka huku mikono yenu inafanya kazi moja, amekwisha kukukaribisha.

Mungu akujalie mvua inayotosha na kipupwe kisichoua. Akupe mwiba mahali pa kisu, na mkono unaojua kuchubua bila kuchimba. Watoto uliowazaa na wale uliokabidhiwa wakuamkie asubuhi, na ikiwa watakimbilia kwanza kwingine, akupe moyo wa kuwangoja penye moto mpaka warudi na miguu yao imelowa umande.